Deni la Mfalme Lilipofika Kwenye Akiba ya Wajane



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja alinisubiri pale chini ya mti wa kengele. Alikuwa anazungukazunguka kama mtu anayetaka kuomba nauli. Mwishowe akasema: "Frateri, hivi mtu akishaungama, na deni linafutika?"

Nikamjibu papo hapo. Nikamtajia Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 1459, kwamba maondoleo yanaondoa dhambi, ila madhara ya dhambi bado yanatakiwa kurekebishwa, na aliyechukua cha mtu akirudishe. Nikamwongezea Mtakatifu Thomas wa Akwino, ambaye suala la kurudisha cha mtu analiweka chini ya fadhila ya haki. Shahada ya falsafa ina raha yake jamani: unakuwa na jibu kabla mwenzako hajamaliza kuumia.

Akasema asante, akaondoka. Usiku sikulala vizuri. Jibu lilikuwa sahihi, lakini mimi mwenyewe sikulipata kwenye kitabu. Nililipata kwa aibu. Kwa hiyo leo nataka nimjibu upya, yeye pamoja na ninyi nyote, na naomba mnivumilie nianzie mbali kidogo: kwenye nchi tunayoiita leo Uturuki, mwaka wa 190 hivi kabla ya Kristo.

Fungua Ufunuo sura ya 2 na ya 3. Utakuta majina ya Pergamo, Thiatira na Sardi. Karibu miaka 300 kabla makanisa hayo hayajaandikiwa barua zile, majeshi mawili yalikuwa yakitafutana kwenye barabara hizo hizo. Upande mmoja alikuwapo Antioko wa tatu, mfalme wa Siria na nchi nyingi za mashariki, mtu ambaye jeshi lake liliwahi kufika hadi mipaka ya India na watu wakamwita Antioko Mkuu. Upande wa pili Warumi, ambao jeshi lao lilikuwa limevuka kuingia Asia kwa mara ya kwanza. Kiongozi wao alikuwa konsuli Lucius Cornelius Scipio. Kaka yake, yule Scipio Africanus aliyemshinda Hannibal, alikuwa naye katika safari hiyo, ila siku zile alikuwa mgonjwa. Mwanae alikuwa ametekwa na Antioko, na mfalme akamrudisha kwa baba yake bila kudai fidia hata senti. Nalitaja tendo hilo makusudi. Antioko hakuwa shetani mwenye mapembe. Tukumbuke hivyo mpaka mwisho.

Walikutana karibu na mji wa Magnesia, chini ya mlima Sipylus. Kwa hesabu za waandishi wa zamani, mfalme alikuwa na watu wapatao 70,000, na Warumi pamoja na rafiki zao wapatao 30,000. Kama mnamkumbuka yule mfalme wa Luka 14, anayeketi kwanza kuhesabu kama anaweza kupambana na adui, basi kwa hesabu hiyo Antioko alikuwa na kila sababu ya kwenda. Alikuwa na tembo 54 wakubwa wa India. Warumi walikuwa na tembo 16 wa Afrika, wakawaficha nyuma kwa sababu wangeaibika. Alikuwa na wapanda ngamia wa Kiarabu, wapanda farasi waliovaa chuma, na magari ya kukokotwa na farasi yaliyofungwa miundu pembeni ili yakipita katikati ya watu yawafyeke kama majani.

Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu. Unyevu ukalegeza kamba za pinde za watu wa mfalme, na safu yake ilikuwa ndefu mno, hata upande mmoja haukuona upande wa pili. Ndipo Eumenes, mfalme wa Pergamo aliyekuwa pamoja na Warumi, akafanya jambo la akili. Aliwaambia watu wake wawapige farasi wanaokokota magari yale ya miundu, waachane na waliopanda. Wakawatupia mishale, mawe na mikuki huku wakipiga kelele. Farasi wakachanganyikiwa, wakageuka. Miundu iliyotengenezwa kwa ajili ya Warumi ikaingia kwa watu wa Antioko mwenyewe.

Na Antioko alikuwa wapi? Hapa ndipo pananishika kila nikisoma. Antioko alikuwa anashinda! Alikuwa upande wa kulia na wapanda farasi wake bora, akawavunja Warumi waliokuwa mbele yake, wakakimbia, naye akawafukuza mpaka kwenye kambi yao. Mbele yake hakuona ila migongo ya adui. Kama ungemsimamisha dakika ile ukamwuliza, "Mfalme, hali ikoje?" angekujibu kwa tabasamu. Nyuma yake sasa, kikosi chake kikubwa cha mikuki mirefu kilikuwa kimebaki peke yake uwanjani, hakina wapanda farasi wa kukilinda pembeni. Kikazingirwa. Tembo waliokuwa katikati yao wakashikwa na hofu, wakaanza kuwakanyaga wenyewe kwa wenyewe. Mfalme alipogeuza farasi, hakukuwa na jeshi la kurudia. Akakimbilia Sardi usiku. Mwanahistoria Livy anasema waliokufa upande wa mfalme walizidi 50,000, na wa Warumi hawakufika 400. Hesabu za washindi huwa zinanona, chukueni kwa tahadhari, lakini kwamba lilikuwa pigo la kummaliza, hilo halina ubishi.

Mwalimu wetu wa historia ya kale alituchorea vita hivi ubaoni, akamaliza, akafuta chaki mkononi, halafu akasema kitu kilichofanya darasa zima licheke: kosa hilo Antioko alikuwa ameshalifanya. Mwaka wa 217 kabla ya Kristo, kule Rafia, kusini ya Gaza, akiwa kijana wa miaka kama 25, alipigana na mfalme wa Misri. Akiwa upande wa kulia, akashinda mbele yake, akafukuza, akafukuza, na aliporudi akakuta katikati wameshashindwa. Miaka 27 katikati! Ameshatawala, ameshazunguka nusu ya dunia iliyojulikana, ameshaitwa Mkuu, na bado ni yuleyule. Nilicheka na mimi. Sikujua bado nacheka nini.

Vita hivi vimo katika Biblia, na ni faida yetu sisi Wakatoliki kuwa na vitabu vya Wamakabayo. Katika 1 Wamakabayo sura ya 8, Yuda Makabayo anasikia sifa za Warumi, jinsi walivyomshinda Antioko Mkuu. Habari ilimfikia ikiwa imenenepa njiani, maana huko tembo wamekuwa 120 na mfalme amekamatwa akiwa hai. Mwandishi anatupa sifa kama Yuda alivyozisikia. Danieli sura ya 11 nayo inamgusa mfalme huyu: anakomeshwa majivuno na jemadari, anarudi nchi yake, anajikwaa, anaanguka.

Ila kinachonihusu leo ni bili.

Mwaka wa 188 kabla ya Kristo, katika mji wa Apamea, Antioko aliwekewa masharti. Aache nchi zake zote za upande huu wa milima ya Taurus. Atoe tembo wote. Manowari asibaki nazo zaidi ya 10. Atoe watu 20 rehani waende kukaa Roma, na mmoja wao awe mwanae, ambaye naye aliitwa Antioko. Na alipe talanta 15,000 za fedha: 500 papo hapo, 2,500 mkataba ukithibitishwa, na 1,000 kila mwaka kwa miaka 12. Talanta moja ilikuwa na uzito wa karibu kilo 26. Pigeni hesabu wenyewe, ni mamia ya tani za fedha.

Mfalme atatoa wapi? Mwaka uliofuata alikwenda mashariki kupora hazina ya hekalu moja la kipagani huko Elimai, wenyeji wakamwua. Akafa na deni. Deni halikufa.

Akarithi mwanae, Seleuko. Sasa njoo Yerusalemu, fungua 2 Wamakabayo sura ya 3. Sura inaanza kwa amani: Onia ni kuhani mkuu mcha Mungu, na mfalme Seleuko mwenyewe anagharamia sadaka za Hekalu kutoka mapato yake. Hata baba yake, yule wa Magnesia, alikuwa amewatendea Wayahudi vizuri. Halafu mtu mmoja aitwaye Simoni, aliyegombana na Onia juu ya mambo ya soko, akapeleka umbea: hazina ya Hekalu imejaa fedha isiyohesabika. Mfalme mwenye deni akisikia neno kama hilo, mnajua kinachofuata. Akamtuma Heliodoro.

Onia akamweleza Heliodoro ukweli. Fedha iliyomo ni talanta 400 za fedha na 200 za dhahabu, na sehemu yake ni amana ya wajane na yatima. Ndugu zangu, someni mstari wa 10 polepole. Mwanamke amefiwa na mume, hana benki, hana kaka wa kumwamini, anakwenda kuweka vijisenti vyake mahali pa Mungu kwa sababu hapo hakuna atakayethubutu. Na siku moja anafika mtu kutoka Antiokia na karatasi ya mfalme. Mjane huyo hajawahi kusikia jina la Magnesia. Hajui tembo ni mnyama gani. Lakini mtu mmoja alikimbia mbele bila kuangalia nyuma, na sasa wanafungua akiba yake.

Biblia inasema mji mzima ulilia. Makuhani walijitupa mbele ya altare, wanawake wakajaa barabarani wamevaa magunia, na wasichana ambao kwa desturi hukaa ndani wakakimbilia malangoni na madirishani. Mungu akaingilia. Akatokea mpanda farasi wa kutisha, na vijana wawili wakamchapa Heliodoro mpaka akabebwa. Halafu Onia, mtu wa ajabu, akatoa sadaka kumwombea huyo mwizi apone. Akapona. Mfalme alipomwuliza nani anafaa kutumwa tena, Heliodoro akamshauri, kwa maneno yangu, kama una adui unayetaka achapwe, mtume huyo.

Tucheke kidogo, halafu nieleze ya kwangu.

Nilikuwa mwaka wa pili wa falsafa, likizo ndefu, nipo nyumbani. Vijana wa kwaya wanajiandaa na kongamano. Mwenyekiti akauliza nani atatusaidia fulana. Nikasimama. "Fulana arobaini, niachieni mimi." Makofi, vigelegele, "Frateri oyee!" Mfukoni nilikuwa na shilingi elfu kumi na mbili. Na si mara ya kwanza. Kidato cha nne niliahidi jezi za timu ya darasa, baba mdogo akaja kulipa. Rafia yangu ndiyo hiyo.

Nikakopa kwenye simu. Mkopo ule wa dakika tano, hauulizwi kitu. Fulana zikaja, zilikuwa nzuri kweli, tukapiga picha. Siku ya kulipa ikafika sina, nikakopa kwingine nilipe kule. Wiki ya sita meseji zikaanza kutumwa kwa kila mtu aliyekuwa kwenye simu yangu: mwambieni ndugu yenu alipe. Ikafika kwa katekista. Ikafika kwa mama.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Nitumie hiyo namba ya kulipia." Akalipa laki nne na elfu kumi, zikaisha siku hiyo hiyo. Nikashukuru Mungu, nikarudi seminarini nikiwa mwepesi, nikaungama uongo na majivuno. Sikumwuliza mama fedha imetoka wapi. Mama anauza maandazi. Laki nne ametoa wapi? Swali hilo lilipita mlangoni kwangu na nikafanya kama nimelala.

Desemba dada yangu akanipigia simu. Mama alikuwa mtunza fedha wa kikoba chao cha kina mama. Michango ya wiki ile ilikuwa imeingia kwenye simu yake, kabla ya kuwekwa sandukuni. Alidhani ataijaza taratibu kwa maandazi. Siku ya kugawana ikafika kabla hajaijaza. Akasimama mbele ya wenzake wote, akasema mwenyewe kabla hajaulizwa. Wakamvua utunza fedha. Aliuza mbuzi wake wawili, haikutosha. Mmoja wa wale kina mama ni mjane mwenye watoto watatu, na gawio lake alikuwa amelipangia ada ya Januari.

Siku ile ndiyo nilifungua tena 2 Wamakabayo. Nilikuwa nimezoea kujiweka upande wa Onia. Jamani, karatasi ya mfalme ilikuwa na jina langu.

Mlezi wangu wa kiroho alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikaungame, halafu Pasaka niende nyumbani nikawaone wale kina mama. Nikamwuliza, "Baba, siwezi kuwaandikia barua?" Akasema, "Unaweza, baada ya kuwaona."

Sasa, sikuwaambia bado kwamba deni la Magnesia linarudi tena katika kitabu kilekile. Sura ya 8. Mfalme sasa ni Antioko wa nne, yule mtoto aliyepelekwa Roma kuwa rehani, na 1 Wamakabayo 1:10 inataja kwamba alikuwa rehani kule. Yeye ndiye aliyelinajisi Hekalu mwaka wa 167. Jemadari wake Nikanori anakwenda kupigana na Yuda, na ana mpango: Warumi wanadai talanta 2,000, zitapatikana kwa kuwauza Wayahudi watakaotekwa. Akapeleka matangazo kwenye miji ya pwani kabla vita havijapiganwa, watumwa 90 kwa talanta moja. Mistari ya 10 na 11. Nilichukua kalamu nikazidisha: ni watu 180,000. Zimepita zaidi ya miaka 20 tangu ukungu ule wa asubuhi, na waliopangwa kulipa sasa wanahesabiwa kwa vichwa.

Deni la mkubwa hushuka kama maji, linatafuta penye bonde. Na pale chini kabisa ndipo Bwana wetu alipokwenda kukaa. Marko 12, anawalaumu wanaokula nyumba za wajane, halafu anaketi mbele ya sanduku la hazina ya Hekalu na kumwona mjane akitumbukiza senti zake mbili. Wengine wanaangalia noti za matajiri. Yeye anaangalia huku. Antioko alimtoa mwanae rehani kwa deni alilolisababisha mwenyewe. Baba yetu wa mbinguni hadaiwi na mtu, akamtoa Mwanae kwa deni letu sisi. Ndiyo maana padre anaweza kuniambia nenda kwa amani, na ndiyo maana pia siwezi kwenda kwa amani nikampita mama yule njiani kama simjui.

Nikanori alishindwa. Wafanyabiashara waliokuja na fedha zao kununua watu, fedha yao ikaishia mikononi mwa watu hao hao. Na baada ya Sabato, inasema 8:28, Yuda na wenzake waliwagawia kwanza walioteswa, na wajane, na yatima, ndipo wakagawana wao na watoto wao. Nikanori akavua nguo zake za heshima akatoroka peke yake kama mtumwa. Mstari huo wa 28 sijausikia ukihubiriwa, na kwangu ndio kilele cha sura nzima. Vita imeisha, watu wamechoka, wana njaa, na mtu wa kwanza wanayemkumbuka ni yule aliyelengwa kufunguliwa akiba yake.

Jumatatu ya Pasaka nilikwenda. Walikaa chini ya mwembe, mama yangu akiwa nyuma kabisa. Niliongea vibaya, sikumaliza sentensi hata moja vizuri, pamoja na falsafa yote ile. Yule mjane aliniangalia, akasema, "Fulana zilikuwa nzuri, mwanangu. Mdogo wangu wa mwisho alitamani moja." Hakusema kwa kuniumiza. Ndiyo maana iliuma.

Walinipangia elfu kumi na tano kwa mwezi. Nafundisha tuisheni ya hesabu wakati wa likizo, na nina kuku kumi na moja wanaolelewa na dada yangu. Nimebakiza elfu sitini. Mama hajarudishiwa utunza fedha, na hilo siwezi kulilipa kwa kuku.

Jana nimempigia yule kijana wa chini ya mti wa kengele, na ameniruhusu niandike haya. Sikumwuliza anadaiwa kiasi gani. Nilimwuliza, "Hiyo hela ilikuwa ya nani?" Akanyamaza sana, nikadhani salio limekata. Halafu akasema, "Ya bibi."

Jumamosi hii maungamo yanaanza saa kumi. Tutakuwa kwenye foleni mimi na yeye. Kwa bibi yake ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kanisani, na tumekubaliana hatuchukui bodaboda.